Shavu la Kusi

Pepopunda ni neno nililolisikia tangu utotoni, kila mtoto alipokanyaga msumari. Nililichukulia kuwa ni neno la kutishia watoto tu, kama zimwi. Mwezi Mei, nikiwa nimeshika kichwa cha punda aliyepasuka shavu huku daktari wa mifugo akivuta dawa kwenye bomba la sindano, ndipo nilipoelewa kwamba jina hilo lina haki yake. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na sumu ya pepopunda, na bakteria wake wanaishi kwenye udongo na samadi, yaani pale pale punda anapolala, anapokula na anapojigaragaza akifurahi. Sindano ya kwanza aliyopigwa Kusi siku ile, kabla hata ya uzi wa kushonea, ilikuwa ya pepopunda.

Kusi ni wa Ami, mdogo wake baba. Ami ana punda wawili, Kusi na Kaskazi, na ndio kazi yake yote. Katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu lori halipiti. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, mitungi ya gesi na hata makochi ya maharusi hupita mgongoni mwa punda. Asubuhi moja karibu na Langoni, Kusi alikutana na punda mwingine aliyebebeshwa mabati yaliyochomoza mbele kama mapanga. Kichochoro kilikuwa chembamba, wote wawili walikuwa na mizigo, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Bati lilimpasua kuanzia chini ya jicho la kushoto hadi karibu na pua. Jicho lilinusurika kwa upana wa kidole.

Lamu tuna bahati moja ambayo sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazina: kliniki ya punda. Ilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, na matibabu ni bure. Kusi alishonwa saa chache baada ya ajali. Daktari alipapasa mfupa wa shavu kwa muda mrefu, akasema haujavunjika, akatupa dawa za maumivu na za kuzuia maambukizi, kisha masharti. Hatamu isimguse usoni. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nzi wasitue. Na la mwisho, alilolisema mara mbili: hakikisheni anakula.

Ami alinigeukia mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya shahada ya uzamili, nimebakiza tasnifu, na nimerudi nyumbani kwa Bibi kuandika kwa sababu kodi ya chumba Nairobi ilinishinda.

"Wewe si unasomea mambo ya hospitali?" akauliza.

"Ninasomea takwimu za afya, Ami."

"Basi ni hayo hayo."

Hivyo uani kwa Bibi pakageuka wodi. Kila alfajiri nilichemsha lita moja ya maji, nikatia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, nikaacha yapoe hadi uvuguvugu. Chumvi ya kiasi hicho inakaribiana na ile iliyomo katika damu, kwa hiyo haichomi. Ikizidi inachoma, na maji matupu nayo huvimbisha chembe hai za nyama. Nilivuta maji kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, nikayarusha polepole kutoka juu kwenda chini ili uchafu usielekee jichoni. Ami alisimama upande wa kulia, mkono mmoja shingoni mwa Kusi, akimsemesha. Maneno yenyewe hayakuwa na maana yoyote. Alimhesabia madeni yake, alimsimulia nani kafunga ndoa, nani kauza shamba. Punda alisikiliza sikio moja mbele, sikio moja nyuma.

Siku ya tano sehemu ya chini ya mshono iliachia, upana wa vidole viwili hivi. Bibi alipoona nyama nyekundu alisoma dua kwa sauti. Daktari alikuja, akatazama, akasema hatashona tena. Pale karibu na mdomo ngozi inavutwa kila punda anapotafuna, na uzi mpya ungekatika vile vile. Kidonda kingejijaza chenyewe kutoka ndani. Alituambia kitu ambacho kilinituliza kuliko dawa: uso wa mnyama huyu una damu nyingi, na penye damu nyingi nyama hupona vizuri. Kidonda kama kile kingekuwa mguuni, chini ya goti, tungekuwa na hadithi nyingine. Huko damu ni chache, ngozi imekaza juu ya mfupa, na mara nyingi nyama mpya huota kupita kiasi, ikafura kama koliflawa, ngozi ikashindwa kuifunika.

Hatari ilikuja kwingine. Siku ya sita Kusi aliacha kula.

Si kwamba hakuweza kutafuna. Asubuhi alitafuna vizuri. Ilipofika saa nne, Ami alipomchukua Kaskazi kwenda kazini Shela, Kusi aligeukia ukuta na kubaki hivyo hadi alasiri, nyasi zikikauka mbele yake. Kaskazi aliporudi, akala. Kesho yake ikawa vile vile. Punda wanaofanya kazi pamoja hushikamana wawili wawili, na ukiwatenganisha, hasa mmoja akiwa mgonjwa, anaweza kususa chakula. Kwa mnyama mwingine siku moja ya kususa si jambo kubwa. Kwa punda ni jambo la kufa na kupona. Asipokula, mwili wake huyeyusha mafuta uliyojiwekea na kuyamwaga ndani ya damu, na mafuta yakizidi ini na figo huelemewa. Punda anaweza kupona kidonda, akafa kwa njaa ya upweke. Nilimpigia daktari simu, akasema hilo hilo: mrudishieni mwenzake.

Sasa hapo ndipo tulipokuwa na mazungumzo magumu. Kusi kukaa nyumbani ni nusu ya mapato ya Ami imekatika. Kaskazi naye kukaa ni mapato yote. Muhula wa pili ulikuwa umefunguliwa, na binti yake wa kidato cha pili alikuwa bado hajalipiwa karo. Mimi nilimweleza habari za mafuta na ini kwa ufasaha wote niliofundishwa chuoni. Ami alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Na mwalimu mkuu nimwambieje? Kwamba punda wangu ana huzuni?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Kuna namna ya kusema kweli ambayo gharama yake inalipwa na mtu mwingine, na nilijua kabisa ni nani aliyekuwa analipa yangu.

Jirani mmoja alishauri amuuze na kumaliza maneno. Ami alimtazama tu. Wenye punda wa Kenya wanajua ushauri huo unaelekea wapi. Kwa miaka kadhaa nchi hii ilikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikisafirishwa China kuchemshiwa ejiao, gundi inayotumika kwenye dawa na vipodozi. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mwaka uliofuata mahakama ikalitengua katazo hilo, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Makubaliano ya Addis Ababa ni mazuri. Lakini punda mgonjwa mwenye ngozi nzima bado ana thamani yake gizani, na Ami alilijua hilo bila kusoma tamko lolote.

Suluhu aliipata yeye. Kaskazi angefanya kazi kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka saa tatu, safari za karibu tu, mizigo ya mchanga kutoka gatini. Katika saa hizo mimi na Bibi tungemshughulisha Kusi: kumwosha, kumpa pumba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kumpa maganda ya ndizi kwa mkono, kimoja kimoja. Baada ya saa tatu wangekuwa pamoja. Mwalimu mkuu alipelekewa nusu ya karo na salamu nyingi. Kusi akala.

Kulikuwa bado na nzi. Mei ni mwezi wa mvua Lamu, na mvua na samadi ni karamu ya nzi. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake, na dawa iliyoongoza ilikuwa oili chafu ya mashine ya boti. Wasomi tuna tabia ya kucheka hapa, na nadhani tunakosea. Oili chafu inafukuza nzi kweli. Mtu asiye na kliniki, aliyemwona mnyama wake akiliwa na mabuu, ana sababu nzuri ya kuipaka. Shida ni kwamba inaunguza nyama changa ile ile inayojaribu kuziba, na kidonda cha mdomoni hulambwa, sumu ikaingia tumboni. Tuliikataa kwa heshima. Bibi alitundika matawi ya mwarobaini na kufukiza mengine. Mimi nilichukua chandarua kilichotoboka, nikakishona kiwe kama ushungi, kikaning'inia kutoka masikioni bila kugusa shavu.

Nzi hawa hawaleti uchafu tu. Kuna minyoo midogo wanaoishi tumboni mwa punda na farasi, ambao mabuu wao husafiri ndani ya nzi. Nzi akitua mdomoni, mabuu humezwa na mzunguko unaendelea. Akitua kwenye kidonda, mabuu huingia humo wakiwa wamepotea njia. Hawawezi kukua, lakini hawatoki. Kidonda kinawasha, kinavimba, kinatoa punje ngumu za manjano kama chenga za mchele, na hakiponi mpaka mnyama apewe dawa ya minyoo. Mahali wanapopenda ni pembe ya jicho na ukingo wa mdomo. Kidonda cha Kusi kilianzia karibu na kimoja na kuishia karibu na kingine. Kila asubuhi niliwasha tochi ya simu nikatafuta punje za manjano. Sikuziona hata siku moja.

Nilikuwa na njia yangu nyingine ya kujituliza. Kila baada ya siku tatu nilibandika karatasi ya nailoni safi juu ya shavu, nikafuata ukingo wa kidonda kwa kalamu, kisha nikaiweka nailoni juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu. Siku ya tano miraba 31. Siku ya nane, 33, kwa sababu kidonda huweza kupanuka kidogo kabla ya kuanza kujikunja. Nilikuwa nimeyasoma hayo, na bado usiku ule sikulala vizuri. Siku ya kumi na moja, 26. Nilizipanga nailoni zile kwenye dirisha la Bibi, na Ami akawa anazitazama kila apitapo, kama mtu anayetazama picha za mtoto anayekua kinyumenyume.

Maumivu ndiyo yaliyonishinda kupima. Kuna kipimo kilichochapishwa mwaka 2014 cha kusoma maumivu usoni mwa farasi: masikio, kope, sehemu ya juu ya jicho, misuli ya taya, mdomo na pua, kila kimoja alama sifuri mpaka mbili. Nilikipenda sana. Ila nusu ya uso wa mgonjwa wangu ilikuwa imeshonwa, na zaidi ya hapo alikuwa punda, mnyama anayeficha maumivu kuliko farasi, ndiyo maana watu humwita mkaidi au mpumbavu. Nilimpa alama nne. Ami, aliyekuwa akinywa kahawa, alisema bila kugeuka, "Yeo ana nafuu. Jana hakuniuma mfukoni."

Kusi ana desturi ya kuvuta mfuko wa shati la Ami kwa meno akitafuta tende. Alikuwa ameiacha desturi hiyo kwa siku tisa. Nikaongeza mstari mpya kwenye daftari langu: mfuko.

Wiki ya tatu kikaja kipindi ambacho hakuna aliyenionya kuwa ndicho kirefu zaidi. Kidonda kinachopona kinawasha. Kusi alijaribu kujikuna kwenye mlango, kwenye kisima, kwenye mgongo wa Kaskazi aliyevumilia kama mtakatifu. Kujikuna mara moja kwa nguvu kungefuta kazi ya siku kumi. Tulifunga magunia laini kwenye kila pembe ya ukuta, na Ami alihamishia mkeka wake uani, akalala huko usiku kumi na mbili. Usiku nilimsikia akiamka na kumpapasa Kusi kuzunguka kovu kwa kiganja, polepole, mpaka wote wawili wakasinzia.

Siku ya 38 miraba ilikuwa miwili. Daktari aliruhusu hatamu, lakini si ile ya kamba ya nailoni. Bibi alikata leso kuukuu, akaisokota na kuizungushia kamba ya usumba, kipande cha shavuni kikashuka chini kuliko kawaida ili kisipite juu ya kovu. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, bila manyoya. Daktari alisema huenda yakaota meupe.

Jumatatu nilipanda boti kwenda Mokowe kukamata basi. Kusi alikuwa gatini tayari, amebeba nusu ya mzigo wake wa kawaida wa mchanga, Kaskazi mbele yake. Ami hakuniaga vizuri, kwa sababu mkono wake mmoja ulishika hatamu na mwingine ulikuwa ukiutetea mfuko wa shati.