Mama wa benchi la mwisho (Sehemu ya 6)

Ile picha ya juzi ya elimu ya asubuhi pale kliniki, nilitegemea mngeniuliza kuhusu chanjo. Wapi! Karibu kila mtu kauliza kile kiboksi cheusi chini ya meza ni cha nini. Haya, ni amplifaya. Tumeitengeneza nyumbani, mimi na mdogo wangu ambaye ni fundi redio. Nawaelezea kwa nini iko vile ilivyo, maana wenye watoto wachanga na shemeji anayependa muziki mkubwa, haya yanawahusu.

Elimu ya asubuhi mnaijua. Mmekaa kwenye mabenchi na kadi mkononi, mtoto mmoja yuko kwenye mzani analia kama anachinjwa, wengine wanamsaidia, na nesi yuko mbele anaongea dakika arobaini. Jengo letu ni bati tupu, halina dari. Mvua ikishuka hata mimi mwenyewe sijisikii. Na mvua zikianza, wanaoletwa kwa kuharisha nao wanaongezeka.

Kilichoniamsha ni zinki. Mtoto akiharisha anapewa ORS na vidonge vya zinki, na zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata. Sasa siku moja ya mvua nikasema pale mbele, "siku kumi na nne". Wiki iliyofuata mama mmoja akanifuata dirishani: "Dada nesi, siku nne nimemaliza, vilivyobaki nimpe na mkubwa wake?" Mama wa watu hakuwa mzembe. Alikaa benchi la mwisho, akapata mkia wa neno, akaufuata kwa uaminifu kabisa.

Nikamwambia mdogo wangu. Jibu lake la kwanza ni lile la mafundi wote: "Dada, tafuta spika kubwa, wati mia, hao wa nyuma watasikia wapende wasipende." Nikamwuliza, na wa mbele je? Benchi la mbele ndipo tunapowakalisha waliojifungua juzi. Mtoto wa wiki mbili hawezi kuziba masikio wala kusema inauma, na wala kulia kwake hakutakwambia kitu, maana pale wote wanalia.

Kuna hesabu moja ya sauti ambayo natamani kila nyumba yenye sabufa iijue. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona kaongezeko kadogo. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili" unahitaji wati kama mara kumi. Lakini ukisogea karibu na spika, umbali ukapungua nusu, unapata kama desibeli 6 bila kulipia chochote (ndani ya chumba ni pungufu kidogo, kwa sababu kuta zinarudisha sauti). Kwa hiyo dawa ya mama wa nyuma ni kumpelekea spika alipo.

Ndiyo maana tuna spika mbili ndogo, zimefungwa juu ukutani, moja kushoto na moja kulia, katikati ya mabenchi na nyuma kidogo. Zimetoka kwenye redio kaseti mbovu, kila moja ni omu 8, zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Ni sauti ya mtu anayeongea karibu yako, hakuna anayeshtuka.

Na masikio ya watoto si mchezo. Shirika la Afya Duniani, likiongelea vifaa vya kusikilizia muziki, linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwa watoto ni 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Sasa piga hesabu ya mtoto anayelazwa chumba kimoja na sabufa tangu Ijumaa jioni.

Kwenye ubongo wa kiboksi kuna aisii iitwayo TDA2003. Ilibuniwa kwa ajili ya redio za magari, ina miguu mitano, haina makuu, inafanya kazi kwa volti 8 hadi 18. Kwa betri ya volti 12 na spika zetu tunapata kama wati 4. Najua kuna baba hapo anacheka wati 4. Acheke, kwa kuongea zinatosha.

Betri niliing'ang'ania mimi. Mdogo wangu alitaka transfoma na waya wa ukutani, na umeme ukikatika basi tupumzike. Nikamwambia pale sakafuni wanatambaa watoto thelathini, volti 230 sitaki kuziona. Volti 12 hazimrushi mtu. Ila betri nayo ina hasira zake, waya zikigusana zinawaka moto, kwa hiyo kuna fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na ncha ya chanya. Nikiwa hapo hapo: kama una kijana anayependa kufungua maredio, mwambie zile za umeme wa ukutani zina kapasita zinazoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kuchomoa peke yake si ruhusa ya kuingiza vidole.

Maiki inatoa milivolti chache tu, kwa hiyo kabla ya aisii kuna kisaketi cha transista kinachoinua sauti kidogo. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo lililonogesha kazi yote. Kabla sauti haijafika kwenye spika inapita kwenye kapasita, na wengi huweka ya maikrofaradi 1000 ili besi ipite. Sisi tuliweka 220. Kwa spika za omu 4, chochote kilicho chini ya kama hezi 180 kinaanza kupunguzwa: pumzi zangu, maiki ikigongwa, ule mngurumo unaofunika maneno. Besi ni tamu kwenye harusi. Kinachotofautisha "tatu" na "tano" hakiko kwenye besi, kiko juu kule kwenye herufi.

Mwishoni kuna rezista ya omu 1 na kapasita ndogo, zinakaa sambamba na spika. Mdogo wangu kwanza aliziruka, akaziita mapambo. Aisii ikapata joto la kuchoma kidole huku spika zikiwa kimya, maana ilikuwa inatetemeka kwa sauti ya juu ambayo sikio halipati. Tulipoziweka ikatulia. Ya kupozea ni kipande cha alumini tulichokata kwenye mfuniko wa sufuria iliyotoboka. Kwa aisii hii mgongo wake ni upande wa hasi, kwa hiyo inafungwa moja kwa moja kwenye alumini bila karatasi ya kuzuia umeme. Aisii nyingine si hivyo, msiige bila kuuliza fundi.

Kulehemu tulifanya barazani, watoto wakiwa wamelala, kamwe si kwenye meza ya chakula. Ile waya ya kulehemia ya kawaida ina madini ya risasi. Moshi unaouona ni wa gundi yake, huo unasumbua wenye pumu. Risasi yenyewe inabaki vidoleni na kwenye vumbi, ndiyo inayofika mdomoni kwa mtoto. Na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unaifyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Kwa hiyo aliyeshika kazi ananawa kwa sabuni, anabadili shati, ndipo anambeba mtoto. Wajawazito kaeni mbali na hiyo meza kabisa.

Kuijaribu hatukusema "haloo, haloo". Nilimkalisha mwanafunzi wetu wa uuguzi benchi la mwisho na karatasi, siku ya mvua, nikamsomea namba kumi bila mpangilio. Bila kiboksi alipata nne. Na kiboksi alipata tisa, ile moja nilisema "nne" akaandika "nane". Tangu hapo namba za dawa nazisema kisha naonyesha na vidole, na wao wananirudishia kwa pamoja.

Ikianza kupiga mluzi usikimbilie kuzungusha kitufe. Maiki isogeze mdomoni, upana wa vidole vitatu, halafu shusha sauti. Na usipite nayo chini ya spika.

Betri ni ya ampea-saa 7, naichaji Jumapili usiku, wiki inaisha bado ina nguvu. Mwenye kituo chenye bati kama letu na fundi wa kumsaidia aniandikie, nitamtumia mchoro na thamani za kila rezista. Wiki ijayo narudi kwenye zinki, hasa kwa walio chini ya miezi sita, kwa sababu wao wanapewa nusu kidonge na maswali ni mengi.