Hesabu ya Mti Mmoja

Mwaka 2007 nilipima mbegu za mti mmoja, kisha nikawaambia watu wa vijiji kumi na vinne kwamba nimepima shamba. Hilo ndilo kosa langu, na nimekaa nalo miaka mingi bila kulisema mbele ya waliolilipia.

Mti wenyewe ulikuwa mbono kaburi, nyumbani kwa baba yangu mdogo, Singida. Wengi wanaujua. Ndio ule unaopandwa kuzunguka makaburi na mazizi, kwa sababu ukichomeka kijiti chake ardhini kinashika, na mbuzi hagusi majani yake. Wa baba mdogo ulikuwa kando ya bafu la matete. Kila jioni ulikunywa maji ya kuogea ya watu tisa, majivu ya jikoni yalimwagwa shinani pake, na zizi la ng'ombe lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nilichuma matunda yake msimu mzima, nikayaanika juu ya turubai, nikabangua na kupima kwa mizani niliyoazima dukani. Kilo mbili na kidogo za mbegu kavu.

Nikachukua kalamu. Ukipanda kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, ekari moja inabeba miti elfu moja. Elfu moja mara kilo mbili, tani mbili. Kilo tano za mbegu hutoa lita moja ya mafuta, kwa hiyo ekari moja lita mia nne. Mradi wa dizeli ya mbono ulikuwa umetangaza kununua mbegu kwa shilingi mia moja kwa kilo, kwa hiyo mkulima anapata laki mbili kwa ekari, kila mwaka, kwa mti ambao tuliambiwa unaishi miaka hamsini, hauhitaji mbolea na hauhitaji mvua nyingi. Nilikuwa bwana shamba wa mradi huo. Hesabu ile niliiandika kwenye karatasi kubwa ya manila na kuibeba nyuma ya pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji.

Siwezi kusema nilidanganywa peke yangu na karatasi yangu. Dunia nzima ilikuwa imewaka moto. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. India ilikuwa imepanga kuotesha mibono kwenye mamilioni ya hekta. BP ilikuwa imeingia ubia na kampuni ya D1 Oils mwaka 2007 kwa ajili ya mmea huu huu. Hapa kwetu serikali ilikuwa imeunda kikosi kazi cha nishati mimea tangu 2006, na wawekezaji walikuwa wanapewa ardhi Kisarawe na Kilwa. Tarehe 30 Desemba 2008, Air New Zealand ilirusha ndege ya Boeing 747, injini yake moja ikitumia mchanganyiko ambao nusu yake ilikuwa mafuta ya mbono. Nilichapisha picha ya ndege hiyo kwa rangi na kuionyesha kwenye mikutano ya hadhara. Watu wakaipokea mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliifuta vumbi kwa kanzu yake kabla ya kunirudishia.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alikuwa na ekari tano. Mbili alizokuwa akilima alizeti na mtama kwa zamu alizipanda mibono, kwa kuwa mimi, mtoto wa kaka yake niliyesomeshwa kwa alizeti ile ile, ndiye niliyemwambia.

Mbono wa shambani si mbono wa kando ya bafu. Ule wa shambani haupati maji mpaka Desemba, na mvua ikikatika Aprili unapukutisha majani na kusubiri. Hilo la kustahimili ukame lilikuwa kweli: haufi. Lakini mti usiokufa si lazima uzae, na sisi tulilichukua neno moja tukalifanya lingine. Halafu wakaja vidudu vidogo vya rangi ya dhahabu iliyochanganyika na bluu, wakatoboa majani hadi yakabaki kama chujio. Sisi tulikuwa tumewaambia watu kwamba mmea una sumu na hauliwi na kitu.

Mavuno ya maana ya kwanza kwa baba mdogo yalikuwa mwaka 2010. Nilikwenda kusaidia, na siku ile ndipo nilipokiona kwa macho yangu kitu ambacho karatasi yangu haikuwa nacho: mikono. Kichala kimoja cha mbono kina ua, kina tunda bichi, kina tunda la njano na kina tunda lililokauka jeusi, yote kwa pamoja. Huwezi kuvuna kwa siku moja ukamaliza. Unapita leo, unachagua yaliyoiva moja moja, wiki ijayo unarudi kwenye mti ule ule. Mama mdogo na wajukuu wawili walichuma tangu alfajiri mpaka jua la utosini, wakapata debe mbili za matunda, na hayo bado hayajabanguliwa. Ukibangua, ganda linachukua nafasi yake na mbegu unazokusanya zinakaa kwenye ungo mmoja. Mjukuu mdogo alitafuna tatu, kwa sababu zina ladha ya karanga. Usiku huo alitapika na kuharisha hadi tukampakia kwenye pikipiki yangu kwenda zahanati. Alipona. Mama mdogo hakunilaumu, alinishukuru kwa pikipiki.

Msimu wote ekari mbili zilitoa kilo 290. Gawanya kwa miti elfu mbili: gramu 145 kwa mti. Pesa, shilingi elfu ishirini na tisa. Nilikuwa nimemwahidi laki nne.

Hadi hapo mtu anaweza kunitetea, aseme huyu alikosea kupima, hakuwa na nia mbaya. Lililobaki halina utetezi.

Mradi ulikuwa na lori aina ya Fuso la kukusanyia mbegu. Dereva wake alikuwa mtu makini, aliandika kila safari kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Septemba 2009 nililiazima ili niandike ripoti. Safari moja ilikuwa hivi: vijiji vitatu, kilomita 168, magunia saba, kilo 340, dizeli lita 42. Nikachukua na karatasi ya mashine ya kukamulia: mbegu zile zilitoa lita 66, baada ya kutulia na kuchujwa zikabaki 61, na injini ya mashine ilikunywa lita sita. Nilitoa pale pale, kwenye kiganja. Sitini na moja toa arobaini na nane. Lita kumi na tatu.

Lita kumi na tatu, na hapo sijahesabu petroli ya pikipiki iliyonizungusha mwaka mzima kuhubiri, wala gari la maji la kitalu, wala viriba vya plastiki, wala chakula cha watu waliochuma. Tulikuwa tunachoma dizeli ya Uarabuni ili tupate dizeli ya kijani, na tulikuwa tunabaki na kiasi cha kujaza ndoo moja isiyofika juu.

Nilijitetea kwa jambo ambalo lilikuwa na chembe ya ukweli. Fuso hubeba tani saba, nilijiambia, na siku litakapojaa, lita zile 42 zitagawanyika kwa mbegu mara ishirini na hesabu itakaa sawa. Kweli ingekaa sawa. Lakini ili lijae kwa miti ya gramu 145, lingepaswa kuzoa ekari karibu hamsini, na ekari hizo zilikuwa zimetawanyika mbili hapa, moja kule, barabara ya mchanga katikati. Mbegu za mbono ni nyepesi pia: gunia lake ni kama nusu ya uzito wa gunia la mahindi. Na mradi usingeweza kuwavutia watu walime zaidi kwa kupandisha bei. Kwa shilingi mia tatu kwa kilo, mbegu peke yake zingefanya lita moja iwe shilingi elfu moja na mia tano kabla ya lori, mashine na mishahara. Pipa la mafuta ghafi, lililokuwa dola 147 mwezi Julai, lilikuwa limeshuka chini ya dola 40 kabla mwaka 2008 haujaisha. Nani angeyanunua?

Wiki moja baada ya kuiona hesabu ile nilisimama kwenye mkutano wa kijiji. Mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge kiunoni, aliinua mkono. "Mwanangu bwana shamba, hilo gari linalochukua mbegu zetu linatembea kwa mafuta gani?"

Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nikamjibu, "Kwa dizeli, mama, lakini ni kwa sasa tu." Watu wakapiga makofi, yeye akaketi. Msimu ule kijiji kile kilipanda ekari thelathini na moja nyingine.

Kwa nini? Nilikuwa na mshahara mkubwa kuliko wowote niliowahi kupata, nilikuwa na mtoto anaanza sekondari, na niliogopa kusimama mbele ya wakubwa wangu na kusema kwamba picha ya ndege ni picha tu. Sina sababu nyingine ya heshima kuliko hizo.

Mwishoni mwa 2009 wataalamu wa Kenya, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na kituo cha kilimo mseto cha Nairobi, walitoa ripoti baada ya kuwatembelea wakulima wa mibono wa nchi ile. Walisema wazi: acheni kuuhimiza kama zao la shamba, utumieni kama ua wa boma. BP ilikuwa imeshajitoa kwenye ubia wake mwaka huo huo. Mradi wangu ulifungwa 2011, bila mkutano wa kuaga. Lori lilikwenda, halikurudi, na magunia yalibaki kwenye vibaraza yakitobolewa.

Mashine ya alizeti ya pale mjini ilikataa kukamua mbegu hizo. Mwenyewe alikuwa na haki. Mashudu ya alizeti analisha ng'ombe na kuku, na nusu ya faida yake iko hapo. Mashudu ya mbono ni sumu, na mabaki yakibaki kwenye mtambo yanaingia kwenye mafuta ya kula ya wateja wake. Kwa mkulima wa Singida hiyo ndiyo tofauti yote: alizeti ikikosa bei, anakaangia. Mbono ukikosa bei, hana la kuufanyia.

Sisemi kwamba nishati ya mimea ni uongo. Brazil imeendesha magari kwa spiriti ya miwa tangu mpango wake wa 1975, na inafaulu kwa sababu kiwanda kinachoma makapi ya muwa wenyewe kupata mvuke. Kila kipimo cha nishati ya kisukuku kinachoingia kinaleta karibu vinane. Spiriti ya mahindi ya Marekani, yenye mbolea ya gesi asilia na tanuri za gesi asilia, kwa makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilileta kimoja na theluthi hivi. Hapa kwetu, kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi hupata umeme wake kwa makapi ya miwa, na kampuni ya miwati ya TANWAT kule Njombe kwa mabaki ya magome na magogo ya miwati. Huko mzigo umeshakusanyika mlangoni mwa kiwanda kwa kazi nyingine. Sisi tulikuwa tunaufuata mbegu kwa mbegu, kilomita 168. Kwa mwaka mzima, mazao mengi hukamata asilimia moja hivi au pungufu ya nguvu ya jua linaloyaangukia. Kilichokamatwa kwa uchache hivyo, kwenye ekari zilizotawanyika, hakivumilii safari ya lori.

Baba mdogo aling'oa mibono yake mwaka 2013. Ilimchukua misimu miwili, kwa jembe na shoka, akiwa na miaka sitini na minane. Akarudisha alizeti. Nilimweleza habari ya daftari mwaka jana tu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama yule mama wa mkutanoni alishaambiwa. Nikasema hapana.

Nilikwenda. Nilimkuta, nikamwambia mbele ya wanawe kwamba siku ile jibu nilikuwa nalo mkobani. Bado vijiji kumi na viwili sijavifikia. Daftari la dereva nimelitoa nakala na kuzipeleka ofisi za vijiji viwili vya kwanza. Ukurasa wa Septemba 2009 nimeukunja pembe. Nyingine ninaendelea kuzipeleka, na anayetaka kuisoma hesabu hiyo amwombe mtendaji wa kijiji.