Kadi ya Salamu na Kadi ya Mvua

Ninawaandikia kutoka Kimanga, hapa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganika. Wengi wenu muko mbali na sisi: Kamituga, Misisi, wengine Likasi na Kolwezi, kule watu wanachimba chini ya ardhi. Sisi huku tunakaa katikati ya mlima na maji. Ninataka kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili yanayoonekana hayana undugu: kukunja kadi za salamu, na kutayarisha nyumba mbele ya mvua kubwa. Kwangu mimi yamekuwa kazi moja.

Kadi inavyokunjwa

Shangazi yangu ndiye alinifunza, ningali msichana. Tulikuwa tunauza kadi wakati wa Noeli, Pasaka, komunyo ya kwanza, na zaidi sana wakati wa arusi. Leo ninafundisha wasichana na vijana wachache nyumbani kwangu kila siku ya posho, nyuma ya chakula cha saa sita.

Vifaa ni vya bei ndogo: karatasi ngumu, mkasi, rula, gundi ya unga wa muhogo, na maganda makavu ya mgomba. Maganda hayo yana rangi zake bila kupakwa: mengine kahawia nzito, mengine kama chai ya maziwa. Tunayakata umbo la mama mwenye mtungi, la mtumbwi, la samaki, kisha tunayabandika.

Kazi kubwa ni mkunjo. Mtu asiyezoea anakunja kwa vidole tu, na karatasi ngumu inapasuka mgongoni. Sisi tunachukua biki iliyokwisha wino, tunaiweka kando ya rula, tunavuta mstari usio na rangi. Mstari ule unalainisha karatasi, na mkunjo unakwenda wenyewe. Tena karatasi ina njia yake kama mbao. Upande mmoja inapinda vizuri, upande mwingine inakataa. Ipinde kidogo kidogo pande zote mbili bila kuibana, na mkono utakuambia. Mwisho pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo.

Kuna kadi inayosimamisha kitu ndani. Kunja karatasi katikati. Kwenye mgongo kata mistari miwili ya sentimeta 2, iachane kwa sentimeta 3. Fungua, sukuma kipande kile kiingie ndani, funga tena ukibana. Ukiifungua, kipande kinasimama kama kiti kidogo, na mbele yake unabandika ua au mtumbwi. Watoto wakiona mara ya kwanza wanapiga makelele.

Kuna tena kadi ya pepeo. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina urefu wa sentimeta 29.7 na upana wa 21. Ikate katikati kwa urefu, utapata vipande viwili virefu. Kipande kimoja kunja mara tatu, mkunjo huku, mkunjo kule, kama mama anavyokunja pepeo kanisani wakati wa joto. Utapata kurasa nne mbele na nne nyuma, nane kwa jumla, na ikifungwa inaingia mu mfuko wa shati. Mushike mkunjo huu, nitaurudia.

Usiku wa mwezi wa nne

Pasaka ya 2020 ilikuwa tarehe 12 mwezi wa nne. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya Korona, masomo pia, na kadi zangu zilibaki mu kikapu. Siku chache nyuma yake, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mvua ilipiga mlima na mji. Mto Mulongwe ukaacha njia yake. Haukuja na maji peke yake; ulibeba matope, miti, na mawe makubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa mu mji wetu, na nyumba kwa maelfu ziliharibika.

Mdogo wangu alikuwa anakaa karibu na mto ule. Bwana wake alikuwa Misisi, mu kazi ya dhahabu. Asubuhi akasimama mlangoni kwangu na watoto wake watatu, matope mpaka kifuani. Akaniambia neno moja: "Yaya, tuko wane." Ndiyo kusema wote wazima. Tukamshukuru Mungu. Kisha tukaanza kuhesabu vitu vilivyobaki, na hesabu ilikuwa fupi.

Sufuria unaweza kuazima. Nguo watu wanakupa. Lakini kuna vitu ambavyo jirani hawezi kukupa hata akikupenda namna gani: cheti cha masomo cha mtoto, hati ya kuzaliwa, kadi ya chanjo, karatasi ya parsele. Vyote vilikuwa mu sanduku moja chini ya kitanda, na sanduku likaenda ziwani. Kwa kutafuta tena karatasi ya parsele peke yake, mdogo wangu alitembea ofisi mbalimbali karibu mwaka mzima, na kila mahali wanamwambia, "Mama, rudi juma lingine."

Na jambo lililoniumiza kupita yote ni hili: namba ya simu ya bwana wake ilikuwa mu simu tu, na simu ilikufa mu maji. Siku tano baba yule alikuwa Misisi, anasikia watu wanasema Uvira imeharibika, naye hajui kama bado ana watoto. Msafiri mmoja wa pikipiki ndiye alimfikishia habari.

Mto na ziwa

Watu wa pwani wana vimbunga. Vinazaliwa juu ya bahari yenye joto na kupewa majina. Mwezi wa tatu 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji, na mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Kimbunga kikishuka nchi kavu kinaanza kufa, ndiyo sababu hakifiki kwetu. Lakini wale wa pwani wana faida moja: mara nyingi radio inawaambia siku mbili tatu mbele kwamba kinakuja.

Maji yetu hayana jina wala haba. Mlima uko karibu, mto ni mfupi na mkali, na pale miti ilipokatwa udongo hauna kitu cha kuushika. Mvua inaweza kunyesha kule juu nanyi huku chini hamujaona tone. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, kule Kalehe kando ya ziwa Kivu, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Si mambo ya Uvira peke yake.

Ziwa lenyewe lina mwendo mwingine. Tanganika inapokea Ruzizi na mito mingine mingi, lakini ina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi yanaondoka kwa jua. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa linapanda. Lilipanda sana mu miaka ya 1870 mpaka likafungua Lukuga mwaka 1878. Likapanda tena mwanzo wa miaka ya 1960, tena 2020 na 2021, tena 2024, na kila mara nyumba za kando zinaingiliwa. Mto unakupa dakika, ziwa linakupa miezi. Nyumba inapaswa kujitayarisha kwa vyote viwili, na siku ya kujitayarisha ni siku ya jua.

Kadi ya mvua

Mwaka ule ule, mikono yangu ikiwa haina kazi, nilichukua kadi ya pepeo na kuandika juu yake mambo ya nyumba. Wanafunzi wangu wanaiita "kadi ya mvua". Kurasa zake nane tunazijaza hivi:

1. Majina kamili ya wote walio nyumbani na mwaka wa kuzaliwa, pamoja na jina la avenyu na la shefu wa avenyu.
2. Namba za simu: ya baba, ya mama, ya ndugu mmoja wa mji mwingine ambaye hatapigwa na mvua ile ile.
3. Mahali pa kukutana tukitawanyika. Pawe juu, mbali na mto, na njia yake isivuke daraja.
4. Nani anabeba nani. Kijana mkubwa anashika mkono wa bibi, mama anabeba wa mgongoni, kila mtoto anajua mtu wake.
5. Namba za hati zote: kadi ya mchaguzi, hati za kuzaliwa, parsele, vyeti vya masomo.
6. Magonjwa na dawa za kila mmoja.
7. Maji ya mgonjwa wa kuhara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko.
8. Neno moja la salamu, la kumtia moyo atakayeifungua kadi akiwa peke yake.

Andika na biki ya kawaida au kalamu ya risasi. Wino wa fetri unakimbia ukiguswa na maji. Kisha ingiza kadi mu sashe safi ya nilo, na ufunge mdomo wake kwa mwali wa mshumaa, kama mama wa karanga anavyofunga sashe zake sokoni. Kila mtoto awe na yake. Nyingine mtumie ndugu yule wa mbali.

Mama mukwe wangu aliponikuta ninaandika hakufurahi. Akasema, "Weye mutoto, unatengeneza mambo ya mafuriko, si utaiita ikuye?" Nikamjibu kwa heshima, "Mama, muvuvi anabeba kopo ya kutoa mayi mu mutumbwi. Je, anaita mayi?" Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama jina lake liko ndani, na akaniambia nisisahau dawa yake ya tansio.

Mambo mengine ya nyumba

Kadi peke yake haizuii maji. Mbele ya mvua za mwezi wa tisa, safisheni mifereji ya parsele na ya njia pamoja na majirani. Kusafisha wako peke yako ni kumpelekea jirani maji. Hati zenyewe ziwekwe mu nilo mbili, ndani ya mfuko unaotundikwa juu karibu na mlango, si chini ya kitanda. Ndani ya mfuko muongeze tochi, nguo kavu ya mtoto, kisu, sabuni na dawa.

Mukisikia mto unanguruma kama gari la mizigo, au maji yake yakawa matope ghafula, au yakapungua mvua ikiwa bado inanyesha, tokeni. Huenda yamezuiwa kule juu na miti, na kizuizi kitapasuka. Musirudi kwa sababu ya godoro. Musivuke maji yanayokimbia. Yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mawe yaliyo ndani hamuyaoni.

Maji yakiisha kupita, kipindupindu kinaweza kufuata nyuma. Sisi wa Uvira tunakijua sana. Chemsheni maji mpaka yatokote dakika moja nzima, au tumieni dawa ya kloro kwa kipimo kilichoandikwa. Na mtu akianza kuhara maji maji, mumpe kinywaji cha ukurasa wa 7 mukiwa njiani kumpeleka kwa munganga, si kumngojea apone nyumbani.

Kwa ninyi mulio migodini

Baba na kaka zetu, maneno haya ni yenu pia. Mvua inayoangusha nyumba huku ndiyo inayobomoa mashimo kule. Kamituga ililia wachimbaji wengi mwezi wa tisa 2020. Mara nyingi siku ya hatari familia iko mahali pawili, na simu hazisemi. Kadi ya mvua ya nyumbani ikae mu mfuko wako wa kazi, nayo kadi ya kwako, yenye jina la shimo na la mkubwa wa timu yako, ikae nyumbani kwa mama wa watoto. Hivyo kila upande unajua pa kumtafuta mwingine.

Mdogo wangu leo anakaa upande wa juu. Noeli ya kwanza nyuma ya mafuriko, mtoto wake mkubwa alikunja kadi ya salamu yenye mtumbwi unaosimama, akaifunga pamoja na kadi ya mvua, akazituma Misisi. Baba yake akajibu kwamba ya mtumbwi ameitundika ukutani, na ile nyingine haitoki mu mfuko.

Vijana, siku ya mungu hii, nyuma ya chakula, ombeni karatasi moja na biki iliyokwisha. Kaeni na bibi, muulize majina yote kamili na miaka ya kuzaliwa. Kuna nyumba ambamo ni yeye peke yake anayeyajua.