Nani Kalipia Habari Hii?

Hapa London saa zangu zinauzwa kwa robo. Robo ya asubuhi ni ya benki, inayofuata ya mtengeneza magodoro, mbili za mchana ni za shirika la misaada. Jioni najaza fomu, mhasibu anajumlisha, na mteja anayelipa ada ya kila mwezi anaona pesa yake imekwenda wapi. Dar es Salaam, nilikoanzia kazi hii ya uhusiano wa umma, hatukuhesabu dakika. Mteja alilipia tukio.

Tukio lenyewe mnalifahamu. Ukumbi wa hoteli, bango la nembo nyuma ya meza kuu, mgeni rasmi anayetarajiwa saa tatu na kufika saa tano, mshereheshaji, itifaki imezingatiwa, hundi ya mfano yenye urefu wa mtu mzima. Sisi wa wakala tulihakikisha cheo cha mgeni kimeandikwa kikamilifu, hotuba yake iko tayari (mara nyingi tuliiandika sisi), na kamera za televisheni zimepangwa kabla hajasimama. Kesho yake gazeti linaeleza waziri kasema nini. Huduma mpya ya mteja, bei yake na itamfaa nani, utavikuta aya ya sita kama mhariri hakuikata. Kumheshimu mgeni ni jambo jema na sina neno nalo. Kinachoniuma ni fedha nyingi kiasi kile kutumika, na mama mwenye duka Mbagala akafunga gazeti bila kujua mkopo uliozinduliwa jana anaupataje.

London hakuna mgeni rasmi, kuna barua pepe. Mwandishi wa habari za biashara hupokea lundo la barua kila siku, yangu ikiwa mojawapo, na sentensi mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama itasomwa au itafutwa. Vijana wanaoanza kazi hukabidhiwa simu na orodha ya majina: mpigie, mweleze upesi kwa nini wasomaji wake watajali. Wengi hawapokei. Kwa hiyo wakala zimejifunza kuzalisha habari zenyewe. Unalipa kampuni ya kura za maoni iwahoji watu 2,000 kuhusu usingizi wao, unachagua asilimia itakayowashtua watu, unaiandika kwa mtindo wa gazeti, na jina la mtengeneza magodoro unaliweka aya ya pili. Ikiwahi siku yenye uhaba wa habari, inatoka karibu kama ulivyoiandika.

Inatoka kwa sababu vyumba vya habari vimepungukiwa watu. Mwandishi Nick Davies, katika kitabu chake *Flat Earth News* cha mwaka 2008, alieleza utafiti alioomba ufanywe na Chuo Kikuu cha Cardiff. Watafiti walichambua habari zaidi ya 2,000 za ndani ya nchi katika magazeti makubwa ya Uingereza. Asilimia 60 zilikuwa, nzima au kwa sehemu kubwa, kazi ya mashirika ya habari au ya watu wa uhusiano wa umma. Zile ambazo watafiti waliweza kusema ni jasho la mwandishi mwenyewe zilikuwa asilimia 12. Nilipoisoma hesabu hiyo niliacha kuamini kwamba Ulaya magazeti na wakala wanaishi mbalimbali.

Sasa tuje kwenye bahasha. Kila aliyefanya kazi hii nyumbani anaijua. Mkutano na waandishi ukiisha, watu hawaondoki. Wanasogea kwenye meza ya usajili, majina yanaitwa, kila mmoja anasaini na kupokea. Tunaiita nauli, posho, mshiko. Wamo waandishi wa kweli, na wamo makanjanja wasio na chombo chochote waliosikia tu kuwa kuna mkutano. Na kabla ya kumhukumu mwandishi wa kweli ni haki kutazama mshahara wake. Wengi wanaojaza kurasa za mikoani hawana ajira. Wanalipwa kwa kila habari iliyochapishwa, malipo yanachelewa, na usafiri ni juu yao. Mwandishi anayetoka Kigamboni kuja kusikiliza hotuba za kampuni yako Masaki amegharamika kabla hajaandika neno.

Nikiwa tayari huku, wakala mshirika wa Dar alituletea bajeti ya kuzindua mradi wa mteja wetu, na ndani yake mstari wa nauli za waandishi. Mwanasheria wetu akaukata siku hiyohiyo. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 inagusa hata malipo yanayofanyika nje ya nchi, na yanayotolewa kwa mtu binafsi asiye mtumishi wa serikali. Nilimuunga mkono, na hata leo namuunga mkono. Pesa mkononi, bila risiti, kutoka kwa mwenye habari kwenda kwa anayeiandika, inaharibu kazi ya wote wawili.

Lakini jirani yangu wa meza wakati huo alikuwa anakamilisha safari ya waandishi wa habari za utalii: tiketi za ndege, hoteli ya bahari, chakula cha siku zote. Thamani ya kitanda kimoja cha usiku mmoja ingelipa nauli za ukumbi mzima wa Dar. Ile ikakatwa, hii ikapita. Dada aliyeniandikia ile bajeti aliniuliza kwa simu, tofauti iko wapi, na swali lake lilistahili jibu la maana.

Jibu langu ni kwamba tofauti ni uwazi, na uwazi huo unapatikana London kwa nusu tu. Mwisho wa makala ya utalii magazeti mengi huweka mstari: mwandishi alikuwa mgeni wa hoteli fulani. Msomaji anapima mwenyewe. Mwaka 1906 Mmarekani Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, aliwatumia wahariri tamko kwamba shughuli zake zitafanyika hadharani na kwamba itajulikana anamsemea nani. Kila mara wakala ilipoanguka vibaya, ukichunguza utakuta kuna mahali palifichwa. Bell Pottinger ya hapa London ililipwa kuwatetea akina Gupta na biashara zao Afrika Kusini. Septemba 2017 chama cha wakala cha Uingereza, PRCA, kiliifukuza baada ya kuona kampeni yake huko ingeweza kuchochea chuki za rangi, na mwezi huohuo kampuni ikaingia ufilisi. Wateja walikimbia ndani ya siku chache. Hata hivyo ule utafiti wa magodoro unaendelea kuchapishwa bila mstari wowote wa kumwambia msomaji umeandikwa na nani.

Kuna jambo la nyumbani ambalo ningependa London ilijue: kufahamiana. Dar nilikuwa na waandishi kwenye kundi la WhatsApp, nawajua watoto wao, tumezikana na kuozeshana. Mteja alipopata balaa, kwa mfano mtambo umezimika na wateja wake wanalalamika, mwandishi alinipigia kabla ya kuandika, nami sikuthubutu kumdanganya kwa sababu tungekutana msibani Jumamosi. Huku naandikiana kwa miaka na mtu nisiyejua sura yake, na uongo mdogo haumgharimu yeyote uso wake.

Ninachokipigania katika kila bajeti ya Dar inayopita mkononi mwangu ni hiki: basi la pamoja kutoka Posta, chakula cha mchana, intaneti ya uhakika, na muda wa kutosha na fundi anayeujua mradi badala ya hotuba nne. Yote yaandikwe kwenye mwaliko, na gazeti nalo lichapishe kwamba mwandishi alisafirishwa na kampuni. Nilimpelekea wazo hilo mhariri mmoja wa gazeti la Kiswahili ninayemheshimu sana. Alinijibu kwamba akianza kuchapisha mstari huo, utajaa kwenye kurasa zake zote za ndani. Nikamwomba auchapishe hivyohivyo, msomaji aone. Akasema atakubali siku mwenye gazeti atakapomwidhinishia fungu la nauli za waandishi wake wa mikoani, na kwamba ombi hilo amelipeleka kila mwaka wa bajeti na kila mwaka limerudi. Nimemwandikia nimsaidie kuliandika la mwaka huu.