Fromaji iliyokaa juu ya kabati

Mwaka jana mama mmoja wa parokia yetu hapa Bukavu alituletea zawadi. Alikuwa ametoka Goma kuwatazama ndugu zake, akavuka ziwa Kivu kwa boti, na ndani ya kikapu chake mlikuwa na gurudumu zima la fromaji ya Masisi, kilo mbili. Tulikuwa tumemfundisha mume wake katekisimu mpaka akabatizwa, siku chache kabla ya kufa. Zawadi ya namna hiyo hailiwi hivi hivi. Tukaifunga katika mfuko wa plastiki, tukaiweka juu ya kabati, tukasema: Hii ni ya Padri, siku atakapotembelea shirika letu.

Padri hakuja. Mvua iliharibu barabara, halafu malaria ikamlaza. Wiki tatu zikapita. Mama yule alituuliza mara mbili baada ya Misa kama fromaji ilikuwa tamu, nasi tukacheka tu. Watoto wetu waliitazama asubuhi na jioni. Mdogo wao akauliza: «Baba, kile chakula ni cha Padri peke yake?» Tukamwambia anyamaze.

Tulipoifungua, upande mmoja ulikuwa umeota kuvu ya kijani. Tukaichukua kwenda kuitupa shimoni. Kumbe mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Yeye ni mtu wa Masisi. Marehemu mume wake alikamua ng'ombe katika shamba la fromaji, mpaka vita ya mwaka 1996 ilipowatoa kule. Akasema polepole: «Mkwe wangu, mnatupa litri ishirini za maziwa.»

Hesabu yake ni sawa, kwa maana kilo moja ya fromaji hutaka karibu litri 10. Akaomba kisu, akakata ile kuvu pamoja na sehemu iliyo chini yake, upana wa dole gumba, bila kuacha kisu kiguse kuvu yenyewe. Iliyobaki ilikuwa njema kabisa. (Fanyeni hivyo kwa fromaji ngumu tu. Ile laini, mbichi, ikiota kuvu itupwe yote.) Kosa letu lilikuwa ule mfuko: ndani yake fromaji hutoka jasho. Ifungeni katika karatasi au kitambaa safi, mahali penye baridi, na upepo upite kidogo.

Wengine husema fromaji ni chakula cha Wazungu. Fromaji ya Masisi hufanana sana na ile ya Gouda, mji wa Uholanzi ambako wakulima walipeleka fromaji zao kuuza. Nyumba ya kuzipimia ilijengwa pale mwaka 1668, na ingali imesimama. Kwetu kazi hii ililetwa na mapadri na watawa wa Ubelgiji. Watrapisti wa Scourmont, ambao kwao walitengeneza fromaji tangu 1876, walifungua monasteri ya Mokoto katika milima ya Masisi mwaka 1954. Lakini majani ni ya Masisi, ng'ombe ni wa Masisi, na mikono iliyokamua ni ya watu kama baba mkwe wetu. Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa ni chakula cha nani.

Siku ile ile alitufundisha kuitumia. Aliponda viazi vya moto pamoja na lenga-lenga, akakwaruza fromaji juu yake, akafunika sufuria kidogo. Haikupikwa, joto la viazi lilitosha kuiyeyusha. Ukiiacha juu ya moto mkali hutoa mafuta na kuwa kama mpira. Tena msitie chumvi kabla ya kuonja, kwa sababu fromaji imekwisha kulowekwa katika maji ya chumvi.

Tangu hapo tumejaribu mengi. Kipande chembamba ndani ya mayai ya kukaanga, sawa. Ndizi iliyochomwa juu ya makala, ikapasuliwa na kutiwa fromaji ikiwa bado moto, hiyo watoto huigombania. Katika maharagi hatukuipenda. Asubuhi, mkate na kipande kimoja na kahawa ya Kivu vyatosha kumpeleka mtu shambani. Ile changa huyeyuka vizuri. Ile ya miezi mingi ni ngumu na kali, ifaayo kukwaruzwa. Ganda likiwa la nta, litoeni. Na mtu ambaye maziwa humsumbua tumbo mara nyingi aweza kula fromaji ya namna ya Gouda, kwa sababu sukari ya maziwa huondoka na maji wakati wa kuitengeneza, na kidogo inayobaki huisha ikikaa. Ijumaa za Kwaresima yaruhusiwa, si nyama. Lakini tumemwona mfungaji mmoja akila robo kilo, na hatukujua tumwambie nini.

Yule mama tulimwita Jumapili iliyofuata. Tukamweleza habari ya kabati, hata kuvu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akala viazi, akaomba tena.

Padri alipofika mwishoni, fromaji iliyobaki ilikuwa kama ngumi ya mtoto. Tukaikata vipande sita, tukaipanga pamoja na ndizi. Mdogo wetu ndiye aliyempelekea sahani. Padri akamwuliza: «Na wewe umeonja?»

«Ndiyo, Padri. Kila siku.»