Kona Hamsini na Saba

Nimeendesha pikipiki kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa mwalimu niliiendesha kwa sababu ya kazi: kwenda shuleni, kufuata mshahara mjini, kumpeleka mgonjwa wa jirani zahanati usiku. Nilipostaafu, mwaka 2018, nikagundua kwamba inaweza pia kuendeshwa kwa starehe. Nikaanza kuizunguka milima yetu ya Nyanda za Juu Kusini bila shughuli yoyote, kutazama tu. Majirani walinicheka. Mzee mzima anachoma petroli kwenda kutazama milima! Nami niliwajibu kwamba macho nayo yana njaa yake. Maneno hayo niliyasema kwa maringo, kabla sijayaelewa.

Ukitoka Mbeya kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, utafika Chimala. Hapo, upande wa kulia, inachepuka barabara ya kupanda Matamba, wilayani Makete. Watu huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Mlima umesimama kama ukuta, na barabara inaupanda kwa kujikunja, kona juu ya kona, hata ukitazama chini unaiona njia uliyopita imelala kama kamba iliyotupwa. Juu zaidi ya Matamba kuna uwanda wa Kitulo, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Watu huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, si kwa ajili ya simba wala tembo, bali kwa ajili ya maua. Okidi peke yake zina aina zaidi ya 40, nazo huchanua wakati wa mvua.

Mke wangu, Mama Neema, alikulia huko juu. Tangu tulipooana alikuwa akinisimulia maua hayo. Aliniuliza mara nyingi, "Baba Neema, utanipeleka lini tukayaone pamoja?" Nami nilimjibu, "Likizo ijayo." Likizo zikaja na kupita, na kila moja ilikuwa na mitihani ya kusahihisha au paa la kuezeka.

Mwaka ule ule niliostaafu, daktari akamkuta na presha ya macho. Ugonjwa huu hauna kelele. Kwa wengi hauumi. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni, ukaacha katikati, hata mtu asijue kwamba anaibiwa. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone husaidia tu kilichobaki kisipotee upesi. Tulipotoka kwa daktari Mama Neema hakulia. Alisema neno moja: "Ile likizo ijayo, sasa iwe hii."

Basi Februari 2019, mvua ilipokatika siku tatu mfululizo, tukaondoka. Nilikuwa nimekagua tairi, mnyororo na breki, na kumvalisha mwenzangu koti zito, kwani huko juu baridi haina mzaha. Tulipoanza kupanda nilijawa na furaha ya kijana. Barabara ilikuwa ya udongo na changarawe kwa sehemu kubwa, na kila kona ilitaka gia yake. Kadiri tulivyopanda ndivyo pikipiki ilivyoanza kuchoka, maana ni ya kabureta, na juu hewa ni nyepesi. Injini hukosa pumzi kama binadamu. Nikarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma yangu Mama Neema alikuwa akizihesabu kona kwa sauti, akilala nami kila nilipolala.

Mara mbili alinigonga begani. "Tusimame kidogo." Nikamjibu kwamba tukisimama kwenye mwinuko itakuwa taabu kuondoka, na kwamba mawingu hufunga mchana, hivyo tuwahi maua. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nikiona raha kupanda bila kuweka mguu chini.

Pikipiki ina tabia moja ambayo kila dereva anaijua: huenda yanakoenda macho. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Kwenye kona ya thelathini na kitu, bonde la Usangu likafunguka ghafla chini yetu, na mashamba ya mpunga yakimeta maji hadi upeo wa macho. Nikatazama. Kufumba na kufumbua gurudumu la mbele lilikuwa kwenye kokoto za ukingoni. Nilibana breki, tukateleza, tukalala ubavu hatua mbili kutoka kwenye korongo.

Hatukuumia, ila kioo cha pembeni kilivunjika na magoti yangu yalikataa kuacha kutetemeka. Tukakaa kwenye jiwe. Baada ya kimya kirefu aliniuliza:

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Usangu."

"Kukoje?"

Nikashangaa. "Kwani wewe hukuona?"

"Baba Neema, mimi tangu Chimala naona koti lako."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilinichoma. Macho yake yalikuwa yamebaki na katikati tu, na katikati ya abiria wa pikipiki pana mgongo wa dereva. Mandhari ya barabara ya mlimani yako pembeni, na pembeni ndiko alikokwisha kuibiwa. Nilikuwa nimempandisha mlima mzima ili autazame mgongo wangu. Alipotaka tusimame hakuwa amechoka. Alitaka kuona.

Kuanzia hapo tulipanda kwa mtindo mwingine. Kila baada ya kona mbili tatu nilitafuta mahali pa tambarare, nikazima injini, naye akashuka. Aligeuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu asomaye barua mstari kwa mstari. Akaniambia mambo ambayo sikuyaona katika safari zangu zote: kijito kilichokuwa kikiteremka ndani ya ufa wa mwamba, moshi wa nyumba moja chini kabisa. Maji hayo, nikamweleza, huenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, ambao baadaye hujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Akacheka. "Umestaafu, lakini ualimu haujakuacha."

Matamba tulifika tumechelewa sana. Kijana mmoja wa bodaboda akatuamkia shikamoo, akakaza usukani uliokuwa umepinda, na hakutaka hela. Alisema tu, "Mzee, wakati wa kushuka usiitegemee breki. Shuka na gia ile ile uliyopandia." Breki ikikandamizwa mteremko mzima hupata moto mpaka inakataa kushika. Nilikuwa nikilijua hilo, lakini siku ile nililipokea kama somo jipya.

Mawingu hayakutungoja, tulipofika ukingoni mwa uwanda yalikuwa yameanza kushuka. Lakini maua yalikuwepo kwenye nyasi, ya manjano, meupe na ya waridi. Mama Neema alipiga magoti akayasogelea hadi pua ikakaribia kuyagusa. Akanionyesha okidi moja, akaniambia kwamba viazi vya namna hiyo huchimbwa na kuuzwa Zambia, wanakopika chikanda. Hakuichuma. Tulikaa pale hadi baridi ikatufukuza, na sikumwambia tuwahi.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Tulishuka kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma kwa kuzuia uzito wetu, naye akizihesabu kona kinyumenyume kutoka hamsini na saba. Giza lilitukuta kwenye kona ya tisa, na mwenzangu hakuogopa.

Matone anaendelea kuyatia kila siku, na kilichobaki kimepungua kidogo. Bado tunasafiri. Vilele bado navipenda, na kona pia. Ila nikigongwa begani nasimama, nazima injini, na siulizi kuna nini.