Tunarudi Ol Doinyo Lengai, safari hii na binti yetu

Mwaka jana, mwezi wa sita, tuliupanda mlima wa Ol Doinyo Lengai mpaka saa tisa usiku, kisha tukarudi. Tulikuwa wanne: sisi wawili, baba na mama wa nyumba hii, kijana wetu wa kwanza, na mwongoza njia mmoja wa Kimasai tuliyempata kijijini Engare Sero. Goti la baba likagoma. Kwa kuwa mwongoza njia alikuwa mmoja tu, na mtu mwenye goti bovu haachwi peke yake gizani juu ya majivu yanayoteleza, sote tukageuka. Sala ya Alfajiri tuliisalia chini, mlima ukiwa nyuma yetu. Kijana hakulalamika, lakini hakusema neno mpaka tulipofika Mto wa Mbu, na sisi tulijua kwa nini: tulimwahidi kilele, na kilichomrudisha halikuwa goti lake.

Likizo inakaribia, na insha-Allah tunarudi. Wasomaji kadhaa tunaofahamiana nao wametuuliza namna familia inavyoweza kujiandaa kwa safari ya namna hiyo, na haya ndiyo tuliyokwisha kuyapanga, pamoja na lile moja lililotugombanisha.

Nyanda za juu za Ngorongoro ni nchi iliyojengwa na moto. Wengi wetu tunaijua kasoko kubwa, ile ambayo wageni huiita kreta: shimo lenye kina cha mita zipatazo 600 na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, lililobaki baada ya mlima mkubwa wa volkano kubomoka na kuzama ndani yake wenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Watu hufika ukingoni, hushuka na gari kutazama simba, hupiga picha, huondoka. Ni haki yao. Lakini aendaye kwa miguu atafaidi zaidi upande wa kaskazini-mashariki, ziliko Olmoti na Empakaai, kasoko mbili ambazo huingiliwa kwa kutembea.

Tutaanzia Olmoti, kwa sababu kupanda kwake ni kwa muda mfupi na hata Bibi, mama yake baba, ataweza kwa mkongojo na mapumziko. Ndani ya Olmoti kuna majani mabichi na kijito cha Munge, ambacho hutoka kwenye ufa wa ukingo, huanguka kama maporomoko, kisha huteremka mpaka ziwa la magadi lililo ndani ya kasoko kubwa. Siku ya pili ni Empakaai. Huko njia huteremka katika msitu mpaka ziwani, na ziwa hilo limechukua karibu nusu ya sakafu ya kasoko. Kushuka ni kazi ya saa moja hivi. Kupanda, kila mtu na pumzi yake. Bibi atabaki juu ukingoni, na wala hatakosa kitu, maana siku ya anga safi mtu aliyekaa pale huiona Lengai yenyewe, imesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa.

Katika njia zote mbili sheria inataka muwe na askari wa wanyamapori mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo. Malipo ya Hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha mkononi. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, ila ni lazima uthibitishe uraia wako. Basi chukueni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Njiani kwenda Engare Sero kuna vizuizi vingine vya ushuru, na kila kimoja hutoa risiti yake. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mtapita katika makazi ya watu. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Hifadhi hiyo zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na wapo ambao ndugu zao wamegawanyika huku na kule. Akitaka kulizungumza mwenyeji, msikilizeni. Asipotaka, msimchokonoe.

Usiku wa ukingoni ni wa baridi kali. Sisi watu wa Dar es Salaam mwaka jana tulidhani sweta moja inatosha, na Bibi akalala na mablanketi matatu akitusomea mashitaka mpaka usingizi ulipomchukua. Ukiteremka Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, mambo hugeuka: joto la mchana humfanya mtu atafute kivuli cha kokoto. Mizigo ya safari moja, basi, ni ya nchi mbili.

Sasa Lengai. Jina lake kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, na wenyeji huuheshimu. Urefu wake ni mita 2,962, ambao si mkubwa ukiulinganisha na Kilimanjaro, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kilimanjaro kina njia zinazokwenda taratibu kwa siku kadhaa. Lengai hupandwa kwa usiku mmoja, zaidi ya mita 1,500 kwenda juu, kwenye ubavu ambao karibu na kilele humlazimu mtu kutumia mikono. Watu huanza usiku wa manane ili jua lisiwakute ubavuni, kwa kuwa hakuna mti wala tone la maji. Kila mmoja hubeba lita tatu zake, na sisi tumeongeza moja ya udhu.

Ni volkano hai. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ya eneo hilo ilitikisika hata Nairobi wakasikia, na Septemba mwaka huohuo mlima ukalipuka na kurusha majivu mpaka mwaka uliofuata. Lava yake haina mfano katika volkano nyingine hai duniani. Ni ya jamii ya magadi, ndugu wa yale ambayo mama zetu huyatia katika maharage ili yaive upesi. Joto lake ni kama nusu tu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, nyepesi kama tope, na ikishapata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote tutawauliza wenyeji hali ya mlima wiki hiyo, na wakisema haupandiki, haupandiki.

Lililotugombanisha ni binti yetu, mwenye miaka kumi na mitano. Mwaka jana alibaki kambini na Bibi yake. Mwaka huu tulipokaa kupanga, tukahesabu tena wapandaji bila yeye, na Bibi akatukatiza.

"Wanangu, huyu mlimuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Si mwaka jana, si mwaka huu. Alipoulizwa alijibu kwamba anataka kwenda, na kwamba alitaka hata mara ile. Baba akataja giza, mawe, na upweke wa mlima. Kijana akasema waziwazi jambo ambalo sisi tulikuwa tukilizunguka: mwakani anaondoka kwenda chuoni, nafasi hii huenda ndiyo ya mwisho kwenda sote, na hataki kurudishwa tena njiani na mtu mwingine. Binti akanyamaza. Tulikubaliana tusiamue siku hiyo.

Jumamosi mbili baadaye tulikwenda Morogoro kufanya mazoezi kwenye milima ya Uluguru, kutoka mjini mpaka Morningside. Ni matembezi mazuri kwa familia yoyote, hata isiyokwenda popote baada ya hapo. Baba alifika nusu akaketi kwa mama mmoja muuza ndizi. Mama alifika juu akihema. Kijana alifika akiwa ameloa jasho, akamkuta dada yake amekwisha kula chungwa, na maganda ameyafunga kwenye mfuko. Tukiwa njiani kurudi alimwambia, "Usije ukaniacha vile usiku." Tukaichukua hiyo kuwa ndiyo.

Mpango wetu, basi, ni huu. Baba atabaki kambini na Bibi. Goti halijapona, na haoni haya kulisema. Mama na watoto wawili watapanda na waongoza njia wawili, ili anayeshindwa asiwarudishe wengine. Akishindwa binti, mama atashuka naye pamoja na mwongoza njia mmoja, kwa kuwa hatumwachi binti wa watu usiku na mtu tusiyemjua hata kama ni mwema, na kijana ataendelea na wa pili. Akishindwa kijana, ni vivyo hivyo: atashuka na mwongoza njia mmoja. Hilo tulimwambia mapema, naye alicheka kidogo tu. Ikifika saa mbili asubuhi hawajafika juu, watageuka wote.

Mavazi ya mama na binti yametuchukua muda. Mtandio mrefu hupepea na kuziba macho, kwa hiyo watavaa hijabu fupi ya kubana, tochi ya kichwani ikae juu yake, suruali pana chini ya gauni la magotini, na glavu, kwani mawe ya pale hukata. Alfajiri itawakuta ubavuni, baada ya saa kumi na moja hivi. Tumekwisha kuzungumza na mwongoza njia kwa simu, na amesema pana mahali pa kusimama watu kadhaa bila hofu. Kibla kutoka pale ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, yaani upande wa Ziwa Natron.

Arubuni ya mwongoza njia wa pili tumeituma juzi. Viatu vimepangwa karibu na mlango, na binti ameviandika vyake jina kwa kalamu ya wino, kwa kuwa yeye na kaka yake wanavaa namba moja.